Nilikuwa Napiga Ramli kwa Spana

Mwalimu alitoa daftari kwenye mkoba wake, akaliweka juu ya madigadi ya gari, akasema, "Mwanangu, leo hufungui kitu. Leo unasoma kwanza."

Ilikuwa Aprili 2023, gerejini kwangu Tabata, chini ya mwarobaini ambao matawi yake ndiyo paa letu. Nilikuwa nimeshachukua pesa ya mama yule, mwenye gari, mara tatu. Mara ya kwanza nilimbadilishia plagi nne na koili. Mara ya pili pampu ya mafuta na filta yake. Mara ya tatu niliosha throto, nikasafisha nozeli, nikabadilisha na rilei kubwa ya injini kwa sababu tu nilikuwa nayo kabatini. Jumla ilifika shilingi 465,000, ufundi ukiwemo. Na gari lilikuwa bado linazima.

Sikumtapeli, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Kila nilipofunga boneti niliamini kwa moyo wangu wote kwamba nimemaliza. Nilikuwa na miaka 14 katika kazi hii, niliyoianza nikiwa kijana wa miaka 17 wa kumshikia fundi tochi. Kwa fundi wangu nilirithi dawa moja ya gari linalozima: badilisha plagi, lisipopona, badilisha pampu, lisipopona tena, mwambie mwenye gari kwamba gari limechoka. Tuliiita uzoefu. Leo naiita kwa jina lake, ramli. Tofauti yangu na mpiga ramli ni kwamba yeye hutumia kokoto na mimi nilitumia spana.

Gari lenyewe lilikuwa dogo, otomatiki, cc 1,500, lililoletwa kutoka Japani likiwa limeshatumika. Mjini halikuwa na neno. Mwalimu angeweza kwenda Kariakoo na kurudi hata mara nne kwa siku. Shida ilikuwa Morogoro. Alikuwa na dada yake mgonjwa huko, karibu kilomita 190 kutoka hapa, na kila baada ya wiki mbili alikwenda kumuuguza ili binti aliyekuwa akimlea dada apate kupumzika. Barabarani gari lilikwenda vizuri. Akishapunguza mwendo tu, akiingia Chalinze, au akifika Msamvu, au akiwa anarudi na kukuta foleni ya Kimara, dakika chache baadaye injini inazima. Stata inazunguka kwa nguvu zote, haishiki. Anakaa, anasubiri, anajaribu tena, inawaka kama vile haijawahi kuumwa.

Kwa kawaida kesho yake ananiletea. Mimi naliwasha pale chini ya mwarobaini kwa dakika kumi, nalipeleka hadi Barakuda na kurudi, halizimi, namwambia, "Tayari, Mwalimu." Nilikuwa napima ugonjwa wa safari ya kilomita mia kwa safari ya kilomita mbili.

Nilikuwa na mashine ya kusoma makosa pia. Niliichomeka, ikasema hakuna kosa lolote, nami nikamweleza mama kwamba hata kompyuta inathibitisha gari ni zima. Sikujua kwamba kontroli boksi, kompyuta ya injini, huandika kosa pale tu linapoweza kulitambua. Injini ikisimama kwa ghafla kwa sababu ishara ya mzunguko imekatika, boksi la magari mengi linachoona ni injini iliyosimama tu, kama vile dereva kageuza ufunguo. Kurasa tupu za mashine nilizigeuza kuwa cheti cha afya.

Kilichomfanya aje na daftari ni usiku wa Chalinze. Hakunihadithia kwa hasira, na ingekuwa nafuu kwangu kama angekasirika. Alikuwa anashusha mwendo kuingia mjini pale, giza limeshaingia, gari likazima likiwa bado linatembea. Usukani ukawa mzito ghafla, kwa kuwa pampu yake huzungushwa na injini. Breki ya kwanza ilishika, ya pili ikashika kwa shida, ya tatu ikawa kama anakanyaga tofali, maana ule msaada wa breki hutegemea mvuto wa hewa wa injini, na injini ikizima hubaki akiba ya mikanyago michache tu. Nyuma yake kulikuwa na lori. Dereva wa lori alipiga honi ndefu, akampita pembeni kwa upana wa mlango. Kijana mmoja wa pale alimsaidia kusukuma gari hadi kando, akakata matawi na kuyapanga nyuma yake.

"Niliogopa, mwanangu," alisema. Basi. Hakuongeza neno.

Nikalichukua daftari.

Alikuwa amefundisha Jiografia miaka 31, na daftari lilionyesha. Alikuwa amepiga mistari kwa rula. Tarehe, mahali, kilomita tangu aondoke nyumbani, mwendo aliokuwa akienda kabla ya kupunguza, hali ya hewa, mafuta yaliyokuwemo, namna gari lilivyozima, na dakika zilizopita hadi likawaka tena. Safari saba tangu Januari. Mambo hayo yote nilipaswa kumuuliza siku ya kwanza na sikumuuliza hata moja. Mara zote tatu nilisikia neno "linazima", nikaanza kutafuta spana.

Kwenye safu ya mafuta, mara mbili tangi lilikuwa limejaa, mara mbili lilikuwa robo, nyingine katikati. Gari lilizima vilevile. Kwenye safu ya namna ya kuzima aliandika maneno yaleyale mara saba: ghafla, kama taa. Mahali pengine ameongeza kwa mwandiko mdogo kwamba mshale wa mzunguko wa injini ulianguka hadi sifuri huku gari likiwa bado linakwenda. Na kwenye safu ya dakika: 25, 30, 25, 28, 27, 8, 25.

Ile nane alikuwa ameizungushia wino mwekundu. Nikatazama hali ya hewa ya siku hiyo: mvua kubwa.

"Kwa nini siku ya mvua dakika nane?" aliniuliza, kwa sauti ileile ambayo nadhani aliwauliza wanafunzi wake kwa nini upande mmoja wa mlima hupata mvua na mwingine haupati. Alikuwa ananiuliza akitaka kujua. Nami nilisimama mbele yake na mikono yangu yenye grisi, nikiwa fundi wa miaka 14, sina jibu.

Nilimwomba jambo ambalo sikuwahi kumwomba mteja yeyote. Nilimwambia, "Mwalimu, safari ijayo tuende wote. Sitaki pesa. Nataka nilione likifa."

Tuliondoka Jumamosi alfajiri. Yeye anaendesha, mimi nimekaa kushoto na mita ya umeme mapajani, plagi moja mpya mfukoni. Kimara hadi Kibaha barabara ni pana, njia nane, gari likateleza bila kigugumizi. Tukapita daraja la Ruvu. Geji ya joto ilisimama katikati muda wote, haikusogea. Tukaingia Chalinze, pale barabara ya Tanga na Arusha inapoachana na ya Morogoro, malori yamejazana, tukawa tunatambaa. Nikatazama saa. Dakika ya tano mshale wa mzunguko ukalala sifuri. Haukushuka, ulilala. Hakuna kukohoa, hakuna kutetemeka. Sauti ya injini ilikatwa kama uzi.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba injini hazifi kifo kimoja. Nimekuja kulithibitisha mara nyingi baadaye, lakini siku ile nililiona kwa macho yangu. Inayokosa mafuta hufa kwa mashaka: inapungukiwa nguvu mlimani, inavutavuta, inakohoa, kisha inazima. Yenye throto chafu huzima pale mguu unapoachia mafuta na injini inapotakiwa kushika sailensi, yaani kunguruma polepole bila mafuta kukanyagwa, na kwa kawaida ukipiga stata inawaka palepale, haidai nusu saa ya kusubiri. Inayokatika moto kwa ghafla hufa kama taa iliyozimwa swichi. Mwalimu alikuwa ameliandika hilo mara saba kwa maneno yake mwenyewe.

Tulisukuma gari pembeni. Nikafungua boneti na joto likanipiga uso kama mlango wa tanuri. Nikachomoa koili moja, nikaichomeka plagi yangu, nikaigusisha kwenye chuma cha injini, nikamwomba Mwalimu apige stata. Hakuna cheche. Nikatoa plagi ya ndani ya silinda: kavu, haina hata harufu ya petroli. Kwa hiyo moto hakuna na mafuta hayaingii. Zamani ningesema vimeharibika vitu viwili, nikaandika ankara ya viwili. Lakini nilikuwa nimekaa na daftari lile kwa siku sita, na kichwa changu kilikuwa kimeanza kufanya kazi kwa namna nyingine. Vitu viwili visivyojuana vikikosekana katika sekunde moja, ni lazima kuna mmoja anayeviamuru vyote, na huyo ndiye aliyenyamaza.

Anayeviamuru ni kontroli boksi, na boksi halitoi amri bila kujua pistoni ziko wapi. Habari hiyo huletewa na sensa ya krenki, kidude kisichozidi kidole gumba, kilichofungwa chini mbele ya injini karibu na pulei. Ndani yake mna sumaku na waya mwembamba kuliko unywele uliozungushwa mara nyingi mno. Mbele yake huzunguka gurudumu la meno lenye pengo mahali pamoja. Kila jino likipita, umeme mdogo unazaliwa kwenye waya, na lile pengo linaliambia boksi mzunguko umefika wapi. Waya ukikatika, boksi linakuwa kipofu. Linasimamisha cheche, linafunga nozeli, na kwenye magari mengi linaikatia umeme hata pampu ya mafuta.

Nilipofika hapo katika mawazo yangu nilihisi aibu ikinipanda kutoka miguuni. Ile mara ya pili, Mwalimu alipolikokota gari hadi kwangu likiwa bado limegoma, nilikuwa nimeinamisha sikio kwenye tangi nikasema pampu haitoi sauti, imekufa. Niliihukumu kwa kunyamaza, kumbe ilikuwa imenyamazishwa.

Lakini hata hapo bado ningeweza kuwa napiga ramli, ramli nzuri zaidi. Nilitaka ushahidi. Nikanunua chupa ya maji baridi kwa kijana anayeuza kwenye mabasi, nikalowesha kitambaa, nikaingiza mkono kupitia upande wa gurudumu, nikakibandika juu ya sensa. Sikumwagia maji, maana chuma cha moto hakimwagiwi maji baridi. Nikalowesha tena, nikabandika tena. Dakika ya sita nikamwambia apige stata.

Likawaka.

Mwalimu hakupiga kelele. Alifungua daftari, akaandika 6 chini ya ile 25, akanitazama. "Mvua," alisema. Mvua ilikuwa imefanya kazi ya kitambaa changu.

Swali lililobaki ni kwa nini lizime baada ya kupunguza mwendo na si katikati ya mwendo, na hilo ndilo watu wengi huliona kama uchawi. Gari likikimbia, upepo unaingia mbele na kupuliza kila kitu chini ya boneti. Injini imepata moto wa saa nzima, lakini hewa inauchukua. Ukisimama, upepo unakatika na chuma kilichojaa joto kinaanza kulitema pale kilipo. Feni hupoza rejeta, haipozi kila kona. Kwa dakika kadhaa vifaa vilivyobandikwa kwenye injini huwa vya moto kuliko vilivyokuwa mbioni, ilhali geji haisemi kitu, kwa sababu geji inapima maji tu. Waya uliopasuka ndani ya sensa hutanuka kwa joto hilo, ncha zinaachana, na ukipoa zinagusana tena. Safari za mjini hazikuwa zikiupa joto la kutosha, ndiyo maana Kariakoo hakuna tatizo.

Tuliporudi Tabata niliifungua. Bolti moja tu ya namba 10. Niliipima ikiwa baridi, omu 1,900, sawasawa na kitabu cha injini ile kinavyotaka. Fundi anayepima mara moja angeirudisha. Nikaifunga kwenye mfuko wa nailoni, nikamwomba mama ntilie wetu birika la maji yaliyokuwa yanachemka kwa ajili ya chai, nikaitumbukiza huku nyaya za mita zikiwa nje. Vijana wangu watatu walizunguka. 2,100. 2,300. 2,450. Kisha namba zikatoweka, mita ikaonyesha kama vile haijaunganishwa na kitu. Nikaitoa, tukaisubiri ipoe. 1,900. Nikaitumbukiza tena, ikatoweka tena. Kijana mdogo kuliko wote aliomba arudie yeye. Nikampa. Walirudia mpaka maji yakapoa.

Sensa mpya niliinunua Gerezani kwa shilingi 60,000, na kabla ya kuifunga nayo niliitia kwenye birika. Kazi yote, pamoja na oringi mpya, ilichukua dakika 20.

Halafu ikabaki hesabu. Plagi zake zilikuwa zimekaribia muda wake, hizo sikuona kama dhuluma. Pampu yake ya zamani ilikuwa bado kwenye ndoo yangu ya vyuma chakavu, nikaipima, nzima. Nilimrudishia. Ufundi wote niliomtoza kwa mara tatu, shilingi 120,000, nilimwambia si halali yangu, nitaulipa kwa awamu mbili. Hakukataa. Namshukuru kwamba hakukataa, kwa sababu kama angesema "acha tu, mwanangu," ningeachilia, na ningerudi nilikotoka.

Tangu hapo sishiki spana kabla ya kalamu. Namuuliza mtu lilizima likiwa wapi, likiwa limetembea kiasi gani, lilikufa kwa kukohoa au kwa ghafla, lilikaa muda gani, ulifanya nini kabla halijawaka. Nikiweza napanda naye. Napima likiwa baridi na napima likiwa la moto. Mwanzoni kipato kilishuka. Watu wengi huona kulipia kipuri ni kulipa, na kulipia kupima ni kuibiwa; wapo walionyanyua magari yao wakaenda gereji ya jirani wakabadilishiwa pampu siku hiyohiyo. Siwalaumu, ni sisi mafundi tuliowafundisha hivyo. Mwaka 2024 nilikwenda VETA kupimwa ujuzi wangu, wana utaratibu wa sisi tuliojifunzia mtaani. Mkufunzi aliponiuliza gari likizima ghafla utaanza na nini, nilimjibu nitaanza na dereva.

Kuna jambo jingine, nalo ni zito kuliko la Mwalimu.

Mwaka 2019 alinijia dereva teksi wa Ubungo. Gari lake mjini lilikuwa halina shida, lakini akipata abiria wa mbali, baada ya kilomita 80 hivi linapungukiwa nguvu, linakohoa, linazima. Nilimbadilishia pampu. Likazima. Nikambadilishia nyingine. Likazima. Siku ya mwisho aliniambia kitu nilichokipuuza palepale: "Fundi, nikifungua tangi kuangalia kama mafuta yapo, nikiliwasha linawaka." Nikamjibu kwamba ni kwa sababu limepumzika. Aliliuza gari lile kwa hasara, akaingia kwenye bajaji.

Alikuwa ameniambia jibu. Nililijua hilo usiku wa siku ile tuliyotoka Chalinze na Mwalimu, nimelala macho wazi. Tangi la mafuta lazima lipumue. Kadiri petroli inavyotoka, hewa iingie kushika nafasi yake. Pumzi ikiziba, ndani kunajengeka mvuto, na pampu inafika mahali haiwezi kuushinda. Yeye mjini alikuwa anaweka mafuta ya shilingi 10,000 leo, 10,000 kesho, kifuniko kinafunguliwa kila siku na tangi linapumua bila yeye kujua. Safari ya mbali ndiyo pekee aliyokuwa anajaza na kwenda bila kufungua.

Ilinichukua miezi miwili kulipata lile gari. Lilikuwa Gongo la Mboto, kwa mtu wa tatu kulinunua. Nilimweleza mwenye gari kisa changu, akacheka, akanionyesha kifuniko cha tangi: akisafiri alikuwa anakifunga nusu, aligundua mwenyewe kwamba hivyo halizimi. Nikamwomba akikaze na tuende. Kabla hatujafika mbali sana likaanza kukohoa. Nikashuka, nikafungua kifuniko, hewa ikaingia kwa mlio mrefu, kama mtu aliyezamishwa majini anapotoa kichwa. Nilifuata mrija wa pumzi kwa chini hadi mwisho wake. Mlikuwa na udongo mkavu, mgumu, uliofinyangwa vizuri. Nyigu walikuwa wamejenga humo. Nilizibua kwa waya na upepo wa kompresa, sikumtoza kitu.

Yule dereva teksi nilimpata kijiweni Mbezi, amekaa ndani ya bajaji anasubiri abiria. Nikamwambia yote, nimesimama, kofia mkononi. Nikamwambia kuhusu pampu mbili, kuhusu maneno yake niliyoyapuuza, kuhusu nyigu. Nilikuwa na bahasha ya ufundi wa mara mbili, nikampa, akaipokea bila kuifungua.

Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akauliza, "Sasa hivi likienda mbali halizimi?"

"Halizimi."

Akatazama barabara. "Lilikuwa gari zuri lile," alisema.

Abiria wake akaja, akawasha bajaji.